Dakika Kumi

Baba yangu, Tallak, alikuwa na neno moja
kwa kila namna ya kutoka nyumbani kwa miguu: tur.
Kumtoa mbwa akajisaidie thelujini, tur.
Kuranda msituni Jumapili na chupa ya kahawa,
kuchuma vitunda vya buluu hadi ulimi ubadilike rangi, tur.
Siku sita mlimani, kilo kumi na nane mgongoni,
malengelenge visiginoni, soksi hazikauki:
tur.
Mama, Borgny, mwalimu wa shule, alimchokoza:
"Neno gani hili, halina kimo wala urefu?
Sema unakwenda kukwea, au kuzurura, au kupunga hewa,
nijue nifunge mikate miwili au kumi na miwili."
Naye ameinamia kamba za viatu, fundo mara mbili:
"Funga miwili. Nikichelewa, basi ilikuwa ndefu."

Nilikuwa na miaka sita aliponipeleka Skarvehø.
Kila nilipouliza kama bado ni mbali
alijibu, bila kugeuka, "Dakika kumi."
Mara ya kwanza penye daraja la magogo.
Mara ya pili penye theluji iliyosahauliwa na kiangazi.
Mara ya nne nililia. Akanipa kipande cha chokoleti,
akasema dakika za mlimani zina dakika nyingine ndani yake.
Njia ya mwongo fupi, husemwa.
Yake ilifika kileleni saa nane mchana.

Na juu ya mawe, njia nzima, herufi T, nyekundu,
iliyopakwa kwa brashi na watu wa chama cha matembezi.
Sikujua habari za chama.
Nilijua jina la baba linaanza na T.
Nikaamini alitangulia usiku na kopo la rangi
akajiandika jiwe kwa jiwe, nisipotee.
Sikumuuliza. Mtu huulizaje jambo analolijua?

Sasa maneno yanamtoka
kama kondoo waliogundua tundu la ua.
Kwanza majina ya ndege. Kisha uma. Kisha jirani.
Kisha Borgny, aliyemzika kwa mikono yake.
Jana mimi nilikuwa "yule wa jikoni".
Lakini kila asubuhi husimama mlangoni,
kiatu cha kushoto mguu wa kulia,
na kulitamka wazi, kama mtu anayedai chenji yake:
Tur.

Tulianza kwa kwenda ziwani. Baadaye hadi kwenye benchi.
Tangu Novemba tunakwenda hadi sanduku la barua,
hatua arobaini na tatu, yeye na fimbo zake mbili.
Neno halikupungua. Mama alisema kweli,
halikuwa na kimo; lingepunguza nini?
Mwenda pole hajikwai, eti.
Hujikwaa. Nimemwinua.

Wiki iliyopita nilimkuta uwanjani kwa Asgjerd,
kichwa wazi, akiitazama milango yote
kama nyuso za watu aliokopa kwao.
Nikaenda dukani, nikanunua kopo dogo.
Nikapiga magoti kwenye barafu, nikapaka
jiwe la langoni, nguzo ya taa, kidato cha kwanza cha ngazi,
mlango wa choo.
Herufi zangu zimepinda. Rangi imechuruzika.

Leo alisimama mbele ya ile ya langoni,
akavua glavu, akaigusa kwa kidole kimoja.
"Wamepita hapa," akasema.
Wamepita, baba.

Sandukuni mlikuwa na bili ya umeme tu.
Tukageuka. Kugeuka si aibu, alinifundisha mwenyewe,
mwaka ule wa ukungu, hatua mia chini ya kilele.
Akauliza kama nyumbani bado ni mbali.
Pazia la jikoni lilionekana, na birika dirishani.
Nikamshika kiwiko.
"Dakika kumi," nikasema.